Darasa la ganuni na fidla Kikwajuni: maalim aliyetokea uwanjani

Kwa anayetaka kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, au fidla ya taarab hapa mjini Unguja, na hana haraka ya cheti, darasa hili ndilo la kuanzia. Tunasema hivyo tukijua upungufu wake, na tutautaja. Ni chumba kimoja cha chini huko Kikwajuni, si mbali na uwanja wa Mao Tse Tung. Hakina kibao mlangoni. Ukiuliza mtaani kwa maalim wa ganuni utaelekezwa. Ndani mna mkeka, viti sita, ganuni moja, fidla nne, udi mmoja (ala ya nyuzi, si wa kufukiza), vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, na sanduku lake la besi. Ukutani, kwenye msumari juu ya ganuni, inaning'inia saa ya kubonyeza ya kupimia mbio. Kamba yake imepauka kwa jasho.

Saa ile inafanya kazi kila siku. Maalim alipokuwa chuo cha ualimu alikimbia mita 400, na kwenye mbio za kupokezana vijiti alikuwa mtu wa mwisho. Tangu hapo amefundisha muziki zaidi ya miaka 30: skulini kwanza, kisha vilabuni, sasa nyumbani. Kutoka uwanjani alibaki na desturi moja. Hamwamini mtu anayesema "nimeshajua" mpaka mikono ya mtu huyo ioneshe, tena mara tano mfululizo bila kukosea. Ya nne ikiharibika, hesabu inaanza upya.

Ganuni haijawahi kuwa na walimu wengi Zanzibar. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ala hiyo. Baada ya hapo imekuwa ikipokewa mkono kwa mkono ndani ya vikundi: Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, kisha Culture Musical Club ya 1958. Mwanafunzi hukaa ubavuni mwa mzee, akatazama miaka, halafu siku moja mzee hayupo na kiti kinamsubiri. Njia hiyo imetoa mafundi wakubwa, lakini inamtaka mtu awe na usiku mtupu kila wiki. Mwenye duka, mama wa watoto wadogo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, hao hawaiwezi. Maalim wa Kikwajuni ameichukua elimu ileile akaipangia ratiba kama kocha.

Somo ni saa moja. Dakika nane za mwanzo hugusi ala. Unazungusha mabega, unanyoosha viwiko, unakunja na kukunjua vifundo vya mikono, kisha vidole kumi vinagonga paja kimoja kimoja kwa hesabu. Wazazi wengine huuliza mbona fedha zao zinaliwa na mazoezi ya viungo. Sababu iko wazi kwa anayeijua ganuni. Mpigaji anatumia vidole vya shahada viwili tu, lakini nguvu lazima itoke kwenye mkono kuanzia kiwiko. Anayeanza hukaza kifundo cha mkono na kuchokoa uzi kwa kidole peke yake. Sauti inatoka nyembamba, na baada ya dakika 20 nyama ya juu ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, inawaka moto. Maalim huipapasa hapo hapo kwa kidole gumba mwanafunzi akiwa anapiga. Ikiwa ngumu kama ubao, anasimamisha somo. Mwenye kuendelea kupiga mkono ukiwa umekaza, anasema, anaufundisha mkono kukaza.

Halafu nyuzi. Hapa ndipo darasa hili linapoyapita mengine yote tunayoyajua.

Ganuni ya kawaida ina mafungu 26 ya nyuzi, kila fungu nyuzi tatu zenye sauti moja, jumla 78. Darasa nyingi humsawazishia mwanafunzi ala, yaani humkazia nyuzi mpaka zifike sauti zake, kabla hajaingia, ili saa isipotee. Mwanafunzi anapiga miezi sita, ananunua ganuni yake, anafika nayo nyumbani, na wiki ya pili ala imekaa pembeni kwa sababu hawezi kuisawazisha. Kwa maalim huyu unaanza na ufunguo wa kukazia nyuzi tangu siku ya kwanza, na saa ya kubonyeza inashuka kutoka msumarini. Anayeanza huchukua zaidi ya saa nzima kumaliza nyuzi zote, kwa hiyo wiki za mwanzo anapewa mafungu matano tu. Lengo ni kufika 78 kwa nusu saa.

Utaratibu wake unafaa kuandikwa, maana hata wenye ganuni zao nyumbani watanufaika. Katika fungu la nyuzi tatu, mbili zinazibwa kwa kipande cha kitambaa kinene, ya tatu inasawazishwa peke yake. Sauti inatafutwa kwa kupanda kutoka chini. Uzi ukiwa umepita sauti, unalegezwa mpaka chini yake kisha unapandishwa tena, kwa sababu uzi ulioachwa wakati wa kushuka huendelea kuteleza kwenye kigingi unapofungwa. Kisha kitambaa kinaondolewa kwenye uzi wa pili. Nyuzi mbili zikiwa zinakaribiana bila kupatana, sauti inatetemeka kama wimbi: wa-wa-wa-wa. Unageuza ufunguo kidogo sana, wimbi linakuwa refu, linakuwa refu zaidi, linakufa. Mwanafunzi anayeweza kusikia wimbi lile likifa hahitaji simu yenye programu ya kusawazishia, ingawa maalim haikatazi kwa kupata sauti ya kwanza.

Makosa yanayokata nyuzi ni mawili. La kwanza ni ufunguo kukaa kwenye kigingi cha jirani: mtu anageuza, anasikiliza, hasikii mabadiliko, anageuza zaidi, na uzi mwingine kabisa unaruka. Dawa yake ni kuchokoa uzi huku ukigeuza, sauti isiposogea mara moja unaacha. La pili ni haraka. Daraja la ganuni, kile kibao kinachobeba nyuzi, limesimama juu ya ngozi. Ukikaza nyuzi za upande mmoja, ngozi inabonyea na zile ulizomaliza zinashuka. Ndiyo maana mzunguko mmoja hautoshi hata kwa fundi: wa kwanza unakaribia, wa pili unapatanisha. Anayelazimisha kila fungu likamilike mara ya kwanza hukaza kupita kiasi, na nyuzi za juu, zilizo nyembamba, ndizo zinazolipa.

Juu ya hayo kuna hali ya hewa yetu. Wakati wa masika ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na ala nzima inashuka sauti kati ya asubuhi na jioni. Ikiwa umeikaza yote juu siku ya mvua, kisha likapiga jua la siku mbili, ngozi inakaza na kuvuta nyuzi zote kwa pamoja; ndipo mtu anaposikia mlio usiku na asubuhi anakuta uzi umekatika bila kuguswa na mtu. Maalim anawafundisha kuiweka ganuni ndani ya kasha lake, mbali na ukuta wa mawe na chokaa unaotoa unyevu, mbali na dirisha, wala si juu ya friji. Siku ya mvua anaisawazisha chini kidogo ya sauti ya kawaida na darasa zima linafuata sauti hiyo. Hili la mwisho ni busara kubwa, na tunashangaa kwamba si kila mtu analifanya.

Nyuzi zenyewe ni taabu hapa. Seti nzima huagizwa kutoka nje. Kwa nyuzi za juu na za kati maalim anatumia mshipi wa kuvulia, na anaeleza namna ya kuuchagua: wa rangi moja isiyo na madoa, unene wa milimita 0.6 hivi kwa zile za juu kabisa, ukiongezeka kuteremka chini. Kabla ya kufunga unaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kwa urefu wote. Ukihisi kijivimbe au sehemu iliyopungua, tupa. Mshipi wa namna hiyo hauna sauti ya kweli hata ukikazwa vipi. Mshipi mpya unarefuka kwa siku kadhaa, basi usibadilishe nyuzi mkesha wa harusi. Za chini kabisa, zenye waya juu yake, mshipi hauwezi kuzifaa, hizo lazima uagize.

Baada ya nyuzi, maqamu, yaani ngazi za sauti ambazo nyimbo hujengwa juu yake. Ile iitwayo rasti inakuja kwanza, na inaimbwa kabla ya kupigwa. Sauti yake ya tatu inakaa kati ya mi na mi iliyoshushwa, mahali ambapo kinanda cha umeme cha kawaida hakina kitufe. Vijana waliokulia kwenye taarab ya kisasa yenye vinanda husikia sauti ile na kudhani ala imeharibika. Maalim habishani nao. Anawaimbisha rasti kwenda na kurudi wiki mbili, kisha anawaonesha vile vipande vidogo vya chuma upande wa kushoto wa ganuni, ambavyo kidole kikivilaza na kuviinua sauti ya fungu zima inasogea kidogo. Ganuni za zamani hazikuwa navyo, mpigaji aliubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba. Kutoka rasti wanaingia bayati, kisha hijazi na nahawandi. Sika inachelewa, na ni sawa ichelewe.

Kuhusu kasi, anatumia metronomu (kihesabu mapigo) ya kwenye simu na daftari. Kipande kinaanza mapigo 60 kwa dakika. Mara tano safi, unapanda mapigo manne. Ukivurugika, unashuka manane, usishuke manne, kwa sababu mkono uliokosea ukiurudisha hatua moja tu unarudi na kosa lake. Kila namba inaandikwa na tarehe, kama muda wa mkimbiaji. Mazoezi ya nyumbani ni dakika 20 kila siku. Anayekaa siku sita kisha akapiga saa mbili Ijumaa anajulikana mara moja, maana namba zake hazipandi.

Jambo moja katika ufundishaji wake tunaliona ni la thamani kuliko yote, na limetoka moja kwa moja kwenye mita 400. Mkimbiaji wa mbio hizo anajua kwamba zinapotelea mita 100 za tatu. Za kwanza unabebwa na nguvu mpya. Za pili umeshapata mwendo. Za mwisho unauona utepe. Za tatu hakuna cha kukusaidia: miguu imeanza kuwa mizito na mwisho bado haujaonekana. Sasa itazame bashraf, kipande cha ala kisicho na maneno. Ina khana, yaani sehemu, nne, na baada ya kila khana unarudi kwenye taslimu ileile, ambayo ni kama kiitikio. Mara nyingi khana ya tatu ndiyo inayotoka kwenye maqamu ya mwanzo na kupanda juu, na ndipo vikundi vya wanafunzi vinapozama, kwa sababu kila mtu amefanya mazoezi kuanzia mwanzo, akachoka katikati. Maalim anafundisha bashraf kwa kuanzia khana ya tatu. Kisha ya nne, kisha ya pili, ya kwanza mwisho. Siku ya kuipiga yote, mpaka khana ya tatu, mwanafunzi kila anaposonga mbele anaingia sehemu anayoijua zaidi. Njia hii mtu yeyote anaweza kuichukua hata asipofika Kikwajuni.

Upande wa fidla hatutakaa sana. Ni nzuri, lakini si ya kipekee. Anasisitiza upinde ulegezwe kila baada ya kupiga, ulimbo upakwe kidogo (unyevu wa hapa unaufanya uwe wa kunata na sauti ikawa ya kukwaruza), na kidevu kisibane ala mpaka shingo ikakakamaa. Fidla mbili kati ya zile nne zina vigingi vinavyoteleza masika yote. Angevipaka chaki wangepumua.

Waimbaji nao wanakubaliwa, na hapo mkimbiaji anaonekana tena, kwenye pumzi. Wimbo wa taarab mara nyingi una mstari wa mizani 16, vipande viwili vya mizani nane, na pumzi inachukuliwa kwenye kina. Chukua mstari wa mazoezi kama huu:

Bahari haina mwenye, kila chombo chapitia.

Asiyejua kupumua huvuta pumzi baada ya "haina", na "mwenye" inabaki inaning'inia peke yake, msikilizaji hajui bahari haina nini. Maalim humtaka mwimbaji asimame, miguu upana wa mabega, avute pumzi kwa hesabu ya nne tumbo likitoka mbele bila mabega kupanda, kisha auseme mstari wote kwa mwendo wa kawaida kabla hajauimba. Akiweza kuusema mara mbili kwa pumzi moja, anaruhusiwa kuuimba mara moja. Anawatembeza uchochoroni wakiwa wanauimba, kwenda na kurudi. Majirani wameshazoea.

Jumamosi asubuhi ni siku ya wote pamoja, na anayetaka kulipima darasa hili aende siku hiyo akae pembeni. Watoto huanzia kidumbak: ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, sanduku lenye uzi mmoja na fimbo linalotoa besi, na fidla juu yake. Wakubwa wanafanya taarab ya ala. Zoezi kuu ni kupokezana. Fidla ina kipande, ganuni inajibu, udi unapokea. Katika mbio za mita 400 mara nne, mpokeaji wa kijiti humtazama anayeleta, kwa kuwa yule anafika amechoka na mwendo wake hautabiriki. Na mpokeaji huanza kusogea kabla kijiti hakijamfikia. Mpiga ganuni anayengoja fidla imalize ndipo ainue mikono atachelewa pigo zima, na wimbo utakuwa na shimo. Kwa hiyo wanaambiwa watazame upinde wa fidla, si karatasi. Upinde ukikaribia ncha, mikono ya ganuni tayari iko juu. Ukitazama kikundi cha wanaoanza na kile cha mwaka wa pili siku moja, tofauti inaonekana kwenye macho yao kabla hujaisikia.

Upungufu sasa. Ganuni ni moja. Wanafunzi wa ganuni tuliowahesabu siku moja walikuwa saba, na nje ya somo lako unaruhusiwa nusu saa tu kwa wiki ya kuitumia. Asiye na ala nyumbani anasonga polepole mno, na maalim hamwambii hivyo waziwazi anapojiandikisha. Angemwambia. Nota za kuandika zinaanza baada ya miezi sita, na anazifundisha kwa haraka kama mtu anayetimiza wajibu. Mwenye nia ya kufanya mitihani, au kupiga na wanamuziki wa nje wanaosoma karatasi, itabidi atafute zaidi, na Dhow Countries Music Academy, iliyo hapa hapa mjini, ina mafunzo yaliyopangwa yenye cheti. Chumba kina joto kali wakati wa kaskazi, feni ni moja na inaelekezwa mbali na ganuni. Mafunzo ya udi ni dhaifu. Anajua kuusawazisha na kuonesha mshiko wa risha, yaani kichokoleo cha nyuzi, basi. Anayetaka udi kwa dhati atafute mpigaji udi.

Kuna na ukali. Mlango unafungwa dakika kumi baada ya wakati, na ada ya somo hilo hairudi. Watu wazima wengine hawalipendi hili. Sisi tunaona ana haki, kwani aliyekosa dakika za kupasha mwili anaingia na mikono baridi na somo zima linaharibika, ila angelitamka kabla ya kupokea fedha. Kwa watoto chini ya miaka tisa tungewashauri wazazi wasubiri, au waanzie kidumbak cha Jumamosi peke yake.

Ada hulipwa mwanzo wa mwezi kwa masomo manane, na haifiki bei ya seti moja ya nyuzi za ganuni za kuagiza. Jumamosi haihesabiwi ndani yake. Masomo ni kati ya alasiri na magharibi. Mwezi wa Ramadhani yanahamia baada ya tarawehe na yanapungua kuwa moja kwa wiki. Siku ya kwanza usinunue chochote. Nenda na daftari, kitambaa kinene cha pamba cha ukubwa wa kiganja kwa kuzibia nyuzi, na kucha za vidole vya shahada zikiwa fupi. Pete za kushikia risha anazo za kuazima, lakini zimetanuka kwa kuvaliwa na wengi. Pete ikicheza, risha inageuka katikati ya wimbo. Pima kidole chako jioni, wakati kimevimba kidogo kwa joto, ndipo umwagize sonara pete mbili zinazokaa sawasawa.